Mkwe Wangu Kaza na Filta Iliyogoma

Mkwe wangu anaitwa Kaza, na jina hilo hakupewa na wazazi wake. Amepewa na watu waliotengenezewa gari naye, wakaenda siku nyingine kwa fundi mwingine, na yule fundi mwingine akajaribu kufungua nati, akatoka jasho, akawaambia, "Mrudishieni huyohuyo aliyekaza."

Ana mikono kama beleshi. Akifunga nati anaifunga, anavuta pumzi, anaifunga tena, halafu anazunguka gari zima kama mtu aliyesahau kitu, anarudi, anaifunga mara ya mwisho. Ukimuuliza anasema, "Mama, kilicholegea kitakuaibisha njiani. Kilichokazwa hakina fitina."

Sawa. Lakini kazi yake anakuja nayo mpaka ndani. Mimi naishi kwao tangu mjukuu wangu azaliwe, nayaona mwenyewe. Bomba la jikoni lilikuwa linadondosha tone, akalifunga kwa mkono mara moja tu, na tukateka maji bafuni mpaka aliporudi kulifungua kwa spana. Chupa ya asali ipo kabatini, tunaiona, tunaisalimia, hatuilambi asipokuwepo. Binti yangu alimwambia, "We baba, hii ni asali, si mtungi wa gesi." Akacheka. Kaza akisemwa hucheka. Ndiyo sababu nilikubali amwoe binti yangu, ingawa sijamwambia hivyo na sitamwambia.

Karakana yake ipo uani kwetu: paa la bati, sakafu ya saruji iliyokunywa oili mpaka ikalewa, jeki mbili, na ukuta mzima wa spana. Mwaka ule kazi ilikauka. Kaka yake akamwita akavunje mawe naye kwenye machimbo, huko mbali, mahali ambapo mtu akiondoka anarudi mtoto ameshaota meno na anamwita mjomba. Kaza hakutaka. Binti yangu hakutaka. Mimi sikuulizwa, lakini sikutaka.

Likabaki tumaini moja. Shule iliyo jirani ilikuwa inatafuta fundi wa kudumu wa mabasi yake. Mwalimu mkuu, mama mmoja mfupi asiyepoteza maneno, akamtuma dereva alete basi dogo asubuhi, na yeye mwenyewe akaja nyuma yake kwa miguu.

"Badilisha oili na filta," akasema. "Watoto wakitoka darasani nataka wapande. Nikiridhika, mabasi yote ni yako. Nisiporidhika, tusisumbuane."

Akaenda zake. Kaza akalitazama basi lile, akajikuna kichwa. Binti yangu akamuuliza, "Unalifahamu?"

"Nalifahamu. Fundi wao alipougua nililibadilisha oili mimi."

"Na filta uliifunga wewe?"

Kaza akajikuna tena. Binti yangu akaingia jikoni, akaosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Kwa msiojua, filta ni kikopo cha bati, kama kopo la maziwa, kinachochuja uchafu wa oili ya injini. Hufungwa kwa kuzungushwa, kama chupa na kifuniko chake. Mafundi wengine hukikaza kwa kiganja tu, wakaridhika. Mkwe wangu alikuwa amekikaza kwa roho yake yote.

Na mahali penyewe! Injini ya basi lile imefichwa chini ya viti vya mbele. Filta inaning'inia kwa chini, ubavu mmoja umebanwa na bomba la moshi, ubavu wa pili na chuma cha bodi. Panya akitaka kupita pale lazima avue koti.

Kaza akamwaga oili ya zamani, vizuri tu, akaingia uvunguni. Tukaona miguu. Tukasikia anahema.

"Mama," sauti ikatoka chini, ya adabu kabisa. "Samahani, kuna sabuni?"

"Unaoga?"

"Mkono umekwama."

Binti yangu akaingia na sabuni ya kufulia na kata ya maji. Akasugua, akavuta, mkono ukatoka kwa mlio ambao sitauandika. Kile chombo chake cha kufungulia filta nacho hakikupenya. Akachukua bisibisi ndefu, anataka kuitoboa filta katikati aizungushe kwa nguvu.

"Thubutu!" binti yangu akamwambia. "Ikichanika basi litalala hapa na wewe utalala machimboni."

Akaweka bisibisi. Akafikiri. Akavua mkanda wa suruali, akauzungusha kwenye filta, ncha akazifunga kwenye spana ili apate pa kupindia. Wazo zuri, sikatai. Ila suruali yenyewe aliinunua enzi kazi ikiwa nyingi na yeye akiwa mnene. Ikabidi kila akitoka uvunguni atembee ameishika kwa mkono mmoja, kama mtu aliyebeba siri.

Mimi nikapanda basi, nikakaa kiti cha dereva, nikafunua kiti cha pili ili niione injini kutoka juu. Kazi bila msimamizi si kazi.

Mkanda ukauma. Filta ikasogea, unywele mmoja. Nikaiona kwa macho yangu inakwenda kulia.

"Kaza! Unakaza!"

"Nafungua, mama."

"Macho ninayo. Inakwenda kulia. Kulia ni kufunga, kushoto ni kufungua, tangu dunia iumbwe. Zungusha upande ule!"

Akajibu taratibu, "Mama, huku chini mambo yana..."

"Unabishana na mimi?"

Sasa lazima mjue kwamba Kaza amelelewa. Ameoa kwangu miaka yote hii na hajawahi kunijibu neno mkwe asilotakiwa kujibu. Akasema, "Hapana, mama." Akazungusha upande niliomwambia.

"Hapohapo!" nikasema. "Vuta!"

Akavuta.

"Tia nguvu, we mwanamume!"

Akatia nguvu. Spana ikalia, bati likalia, Kaza akalia. Dereva wa shule, aliyekaa kwenye tairi kuukuu akingoja basi lake, akanyanyua kichwa.

"Bibi, hongereni," akasema. "Sasa mmeichomelea kabisa."

Nikamwambia asiyejua maana haambiwi maana. Lakini filta ilikuwa haitikisiki tena hata unywele.

Binti yangu akajilaza chini, akachungulia, akatoka, akaingia ndani. Akarudi na chupa ya chumvi. Akasimama chini ya dirisha langu, akaiinua juu ya kichwa chake, kifuniko kikiwa chini.

"Mama, mimi nikitazama hivi kutoka chini, kufungua ni wapi?"

"Kushoto. Nimesema tangu asubuhi."

"Haya. Wewe nitazame kutoka huko juu." Akazungusha kushoto kwake.

Kutoka dirishani nikauona mkono wake unakwenda kulia. Na kifuniko kikafunguka, maana hicho hakikufungwa na mumewe, na chumvi yote ikammwagikia kichwani.

Dereva akaanguka kwenye tairi kwa kicheko.

"Chupa hiyo mbovu," nikasema.

"Mama," akasema, kope zimejaa chumvi, "mtaka cha mvunguni huinama. Hakai kiti cha dereva akatoa amri."

Nikamgeukia Kaza. "Na wewe kwa nini hukuniambia?"

"Mama, ulishasema."

Naandika hapa ili ijulikane: kulia kwangu kulikuwa kulia. Kama injini imetundikwa kichwa chini miguu juu, muulizeni aliyeitengeneza.

Jua lilikuwa limeshahama. Watoto wangetoka darasani muda si mrefu, na Kaza akaanza kutazama barabara inayotoka mjini kwa macho ya msafiri. Binti yangu akaona. Akajifunga kanga kiunoni, akasema, "Njoo hapa."

Akavua gurudumu la mbele, yeye mwenyewe, kwa kuisimamia spana ya magurudumu kwa miguu miwili na kuirukia, maana gurudumu nalo mara ile lilikazwa na Kaza. Hapo ubavuni pakapatikana nafasi. Mikono yake ni myembamba. Akaupenyeza mkanda upya na kuushikilia mahali pake. Kaza akachomeka kipande cha bomba la chuma kwenye mkia wa spana ili aongeze urefu, akavuta kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa na suruali.

"Vuta kwa mikono miwili!"

"Na suruali?"

"Achia!"

"Mama yupo!"

"Mama, geuka!"

Nikageuka. Nina heshima zangu. Nikatazama barabarani, na barabarani nikamwona mwalimu mkuu anakuja kwa hatua zake fupi, ameshafika kwenye uzio. Nikasema, "Jamani, mgeni," lakini nyuma yangu binti alikuwa anahesabu, "Moja, mbili..."

Krak!

Filta ikaachia. Oili iliyobaki ndani yake ikammwagikia binti yangu usoni, juu ya chumvi. Kaza akarudi kinyumenyume na bomba lake, akavuka karakana nzima, akakaa chini mbele ya mwalimu mkuu, suruali kwenye vifundo vya miguu. Namshukuru Mungu alikuwa na bukta ndani, tena safi. Binti yangu anafua.

"Karibu, mwalimu," Kaza akasema.

Mwalimu mkuu hakukaribia. Akaitazama filta, imeminywa kama andazi lililokaliwa. Akatazama bomba, mkanda, gurudumu.

"Nani alikaza hiki kitu?"

Kaza angeweza kumtupia lawama yule fundi aliyeugua, nani angejua? Binti yangu alikuwa ameuma mdomo. Kaza akasimama, akapandisha suruali.

"Mimi, mwalimu. Niliikaza mimi mara ile. Na leo nimeikaza tena, kwa bahati mbaya."

Hakunitaja. Na mimi nikanyamaza, maana hakuniuliza mimi.

"Yule fundi wetu," mwalimu mkuu akasema polepole, "yeye alikuwa mtu wa kulegeza. Juzi tupo njiani, gurudumu letu la nyuma likatupita. Watoto wakalipungia mkono." Akaigusa filta kwa ncha ya kiatu. "Wewe umeshindwa na kazi yako mwenyewe."

"Ndiyo, mwalimu."

"Magurudumu, breki, usukani: hayo nataka uyakaze hivyohivyo, mpaka wewe mwenyewe ulie. Lakini filta usiguse." Akamwonyesha kidole binti yangu, mweusi kwa oili, mweupe kwa chumvi. "Filta atafunga huyu. Ni nani?"

"Mke wangu."

"Basi nimechukua wawili."

Filta mpya binti yangu aliifunga kwa kiganja, baada ya kuupaka oili mpira ulio mdomoni mwa filta. Kaza alisimama nyuma yake akitetemeka kama mlevi aliyenyimwa.

"Kidogo tu tena."

"Toka."

"Robo. Robo tu, mke wangu."

"Nitamwita mama."

Akatoka. Gurudumu likarudi, oili mpya ikamiminwa, na kengele ya shule ilipolia basi lilikuwa limeshanguruma, na dereva akaliondoa bado anajifuta machozi ya kicheko.

Jioni Kaza akampigia simu kaka yake kumwambia asimngoje. Tulikuwa tumekaa wote, tunasikia.

"Umepata kazi?" kaka yake akauliza.

"Nimepata. Pamoja na mke wangu. Na mama mkwe yupo hapahapa, anasimamia."

Kaka yake akasema, "Mawe bado yapo, mdogo wangu, ukibadili mawazo."