Dobi Anayefua Ardhi

Saa moja asubuhi, Mama Povu anajaza chupa ya kioo maji ya kisima, anaifunga, anaitikisa mara kumi, kisha anaiinua juani. Povu linapanda na kukaa.

"Bado," anamwambia fundi wa pampu. "Nguo haijasuuzika hii."

Nguo anayoisema ni ardhi. Miaka sita iliyopita, tangi la kituo cha mafuta lilitoboka hapa, dizeli ikazama hadi kwenye maji ya visima vya mtaa na kung'ang'ania mchanga kama masizi kwenye sufuria. Sasa sabuni maalumu inasukumwa chini kupitia mashimo, inayabandua mafuta, na pampu inayavuta juu.

Mwanamke huyu wa miaka arobaini na mitatu alikuwa dobi. Jina la Mama Povu alilipata wiki ya kwanza ya kazi hii ya kusafisha ardhi. Alichungulia pipa la kuchanganyia, hakuona povu, akadhani wenzake wanabania sabuni. Akaongeza ndoo mbili.

"Kumbe ile haitoi povu mpaka itikiswe!" anasema, akifuta machozi ya kicheko. "Pampu kuwashwa tu, povu hilo, mpaka uani kwa jirani. Kuku hawakuonekana!"

Msimamizi alitaka kumfukuza. Lakini sabuni iliyozidi ilipokataa kutoka ardhini, dobi ndiye aliyewaambia wasukume maji matupu, polepole, siku baada ya siku.

"Kufua si povu, bosi. Kufua ni kusuuza."

Tangu hapo chupa ya kupimia maji ni yake: povu likikaa, sabuni bado imo.

Na kisima cha leo si cha mtu baki. Ni cha mama yake mzazi, nyumba ya tatu kutoka hapo, kilichofunikwa bati tangu maji yalipoanza kunuka. Kila jioni Mama Povu humpelekea madumu manne ya maji safi. Maabara imethibitisha kuwa mafuta yamekwisha. Imebaki sabuni tu. Angesema "tayari" leo, wangemwamini.

"Siwezi kumnywesha mama yangu maji ya kufulia," anasema. "Kawia ufike."

Bibi huyo wa miaka themanini hana habari na kukawia. Amekwisha kununua kamba mpya ya ndoo.

"Ameitundika mlangoni makusudi," anacheka Mama Povu, "nikiingia inipige usoni. Mwezi ujao, Mungu akipenda, naitungua mwenyewe. Nanyi mnitafutie jina jingine."