Fundi Mwavuli Aingia Mtandaoni

Baba mkwe wangu anatengeneza miavuli, na mtaa mzima humwita Fundi Mwavuli. Kibanda chake kimebanwa kati ya duka la dawa na muuza simu. Ndani mna koleo, kopo la sindano, na rundo la miavuli iliyokwisha kufa, ambayo huing'oa mbavu ili kuiponya iliyo hai. Shida ni kwamba siku hizi mwavuli ukivunjika ubavu mmoja, mtu anautupa na kununua mwingine.

Siku moja tukiwa mezani akasema, "Mwezi ukiisha nafunga. Nimebaki mimi tu. Kazi yenyewe imeshakufa, mimi namalizia matanga."

Mume wangu akamwongezea mchuzi. Mimi nilishtuka kwa sababu zangu: mzee asipokwenda kibandani atahamia jikoni kwangu kunifundisha kukata vitunguu. Lakini alisema maneno yale akiitazama sahani, si sisi, na roho iliniuma.

Kesho yake nikamwingiza kwenye kundi la mtandaoni la watu wanaokarabati vitu badala ya kuvijaza jalalani. Wamo washona mifuko kwa jinzi kuukuu, mafundi pasi, na wagomvi wawili wanaobishania mbolea ya maganda. Nikampa simu. Akaandika "Hodi", akaiweka chini, akangoja.

"Baba, andika tu. Huku hakubishwi hodi."

"Mkwe, mimi siingii kwa watu bila kukaribishwa. Nimelelewa."

Hadi kesho yake hakuna aliyeitika, naye akasusa kabisa. "Watu wamejaa humo ndani, hata mmoja hana adabu!" Ikabidi nimnong'oneze mwenye kundi, ndipo akaandika, "Karibu mzee wetu, pita ndani." Fundi akapita, kifua mbele.

Nikampiga video akibadilisha ubavu na kufunga kitambaa kwenye ncha yake. Lo! Mioyo myekundu ikamiminika. Hongera mzee, unaiokoa dunia! Fundi akazisoma pongezi zote kwa miwani, kisha akatazama mlangoni. Hapakuwa na mtu.

"Mkwe, hawa wote wanaonipenda, mvua haiwanyeshei?"

Miavuli michache ililetwa, nayo haikumwondolea huzuni usoni. Akaanza kufungasha vifaa, nami nikaanza kuviaga vitunguu vyangu.

Ndipo ukaingia ujumbe wa sauti. Alikuwa mama mtu mzima, wa mji wa mbali, sauti kavu kama kuni.

"Fundi, shikamoo sikupi, naona sisi rika moja. Hapo kwenye ncha unakosea. Fundo moja, tena uzi mkavu? Upake nta ya mshumaa, uzungushe mara mbili ndipo ufunge. La sivyo upepo wa kwanza tu unaachia. Mimi kazi hii naifanya tangu sijaolewa."

Fundi akasimama. "Ananifundisha kazi? Mimi?"

Nikanyoosha mkono niufute, nisimharibie siku. Akanipokonya simu. Akausikiliza tena, na tena, halafu akampigia. Wakabishana juu ya nta, juu ya mbavu za chuma na za plastiki, juu ya nani anajua na nani anajidai. Chakula kikapoa. Mume wangu akachungulia kuona baba yake anagombana na nani, akamkuta anacheka hadi anajishika mbavu.

Alipokata simu, macho yalikuwa yamelowa, wala hakuyaficha.

"Tangu afariki mwalimu wangu," akasema, "hakuna aliyewahi kuniambia nimekosea. Hapakuwa na anayejua."

Kisha akaniomba mshumaa. Mwezi umekwisha wiki iliyopita, na mzee yuko kibandani, simu ameiegemeza kwenye kopo, anabishana.