Kapteni Aliyefunga Mdomo

Waliomjua walimwita Kapteni Kimya, na kimya chenyewe hakikuwa cha adabu, kilikuwa cha shaka. Rafiki yake aliwahi kusimamishwa kazi baada ya rubani msaidizi kupeleka maneno ofisini, na tangu hapo kapteni akafunga mdomo. Mkewe alimtania kwamba siku hizi hata chai anainusa kabla ya kunywa.

Siku hiyo akapangiwa msaidizi mpya, binti mchangamfu mwenye macho ya kuona kila kitu. Kapteni akajisemea, haya, wameniletea mpelelezi. Alikuwa anasubiri leseni yake ihuishwe, na neno moja baya lingemtupa nje. Akaapa kwamba huyu hatapata la kupeleka.

Sasa, marubani wana desturi yao. Anayeachia usukani husema "shika," naye anayepokea hujibu "nimeshika," hata kama wamekaa bega kwa bega. Lakini mzee wa watu, kwa ubahili wake wa maneno, alishazoea kuinua mkono tu. Wakiwa wanashuka, mtambo wa kujiendesha umeshazimwa, akainua mkono, kisha akauweka pajani. Binti akadhani ananyoosha vidole.

Bawa la kushoto likaanza kulala. Kapteni akaliona. Ahaa, ananitega huyu, nimnyang'anye usukani kisha akaseme mzee haamini wenzake! Akajikausha. Binti naye aliliona, akadhani mkubwa anampima kama ana papara. Jamani, watu wazima wawili, abiria wamejaa nyuma yao, na kila mmoja anamvizia mwenzake!

King'ora kikalia.

"Kapteni, nani ameshika?" Binti akauliza.

Mzee akaudaka usukani kwa mikono miwili, akasema kwa sauti kwamba ameshika, akainyoosha ndege. Walipaa tena, wakazunguka, wakatua.

Mlangoni, mama mmoja aliyembeba mtoto aliyelala fofofo akamwambia, "Asante baba, umetufikisha salama." Kapteni alisimama pale, aibu imemjaa, mpaka abiria wa mwisho akashuka. Kisha akamgeukia msaidizi wake.

"Twende ofisini, mwanangu. Utaeleza wewe, tena yote. Mimi nitakaa nisikilize."