Mwenyekiti na Kiti Namba Saba

Mtaa mzima ulimwita Mwenyekiti, ingawa hakuwahi kugombea uchaguzi wowote. Alikuwa mwanamke, fundi wa viti. Ukimpelekea kiti kilicholegea miguu, kochi lililozama katikati au stuli iliyokaliwa na mtu mnene kuliko ilivyotarajia, alikigeuza chini juu, akakitikisa, akaguna, kisha akaandika namba ya foleni kwa chaki chini ya kikalio. Namba hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Mkuu wa polisi aliwahi kuja na king'ora akitaka kiti chake kitengenezwe papo hapo. Akaandikiwa tisa, akarudi kituoni kufanya kazi amesimama siku nne. Wenye kesi zao wanasema zile siku alikuwa na huruma ajabu.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, kinachonuka gundi na vumbi la mbao. Kwenye kona, juu ya gunia la sponji kuukuu, alikaa shangazi yake, ndiye aliyemfundisha kazi. Macho ya Shangazi yalikuwa yameshastaafu. Ulimi bado ulikuwa kazini.

Miaka mitatu nyuma Mwenyekiti alikuwa na mchumba, mwalimu wa hesabu, mtu safi mwenye kalamu mbili mfukoni. Harusi ilipokaribia, mchumba akasema mke wake hawezi kuonekana na misumari mdomoni. "Funga hiyo karakana, nitakutunza." Mwenyekiti akatema misumari mkononi, mmoja mmoja, akamrudishia pete. Iliuma, tusidanganyane. Alilia wiki nzima huku akigonga, na viti vya wiki ile havijalegea mpaka leo. Tangu hapo akaapa: atakayemtaka, amtake na nyundo yake.

Basi msimu wa likizo ukafika, watu wa mbali wakaja kupumzika kwenye baridi ya milimani, na asubuhi moja akatokea mwanamume mrefu, kajitwika kiti miguu juu kama ng'ombe aliyekata tamaa.

"Hodi. Samahani dada, nimekalia kiti cha nyumba ya wageni, kimevunjika."

Mwenyekiti akakiangalia. "Hukukikalia, kaka. Umekiangukia. Kwenu hamna viti?"

"Kipo kimoja chenye maana," mgeni akasema, "lakini ni cha baba."

"Nyumba nzima kiti kimoja!" Shangazi akashika kifua. "Masikini ya Mungu. Na wewe unafanya kazi gani, baba?"

"Shikamoo Shangazi. Nasubiri kazi ya baba."

"Marahaba. Baba'ko anafanya kazi gani?"

Mgeni akafikiri. "Anakaa. Watu wanakuja na shida zao, anawasikiliza, wanaondoka."

"Mlinzi wa getini," Shangazi akakata shauri. "Kazi ya heshima. Ila mwanaume mzima kusubiri baba'ko achoke ndipo urithi lindo lake? Hapana. Mwenyekiti, mpe msasa huyu."

Mgeni aliposikia jina hilo alicheka mpaka akaegemea mlango. "Wewe ndiye Mwenyekiti? Sasa mimi nitakuwa nani?"

"Wewe ni namba nne," Mwenyekiti akamjibu. "Rudi baada ya siku tatu."

Hakusubiri siku tatu. Kesho yake alikuwa mlangoni kabla ya kufuli kufunguliwa, eti amekuja kuona kiti chake kinaendeleaje, utasema kimelazwa hospitali. Akapewa msasa. Keshokutwa akapewa nyundo, akagonga kidole gumba, akaruka karakana nzima kwa mguu mmoja bila kutukana. Mwenyekiti akamfunga kitambaa, na alipomaliza kufunga hakuachia ule mkono upesi kama inavyotakiwa. Shangazi, asiyeona vizuri, aliona.

Kwa kugonga, Bwana Subira, maana ndivyo Shangazi alivyombatiza, hakuwa na lolote. Kukaa sasa, hapo alikuwa bingwa. Angeweza kukaa saa mbili mgongo wima, mikono juu ya mapaja, bila kujikuna wala kusinzia. Mwenyekiti hakuwahi kuona mtu anayejua kukaa namna hiyo. Akamfanya mjaribu viti. Kila kiti kilichotoka kwenye gundi alikikalia, akafumba macho, akasema, "Mguu huu wa nyuma kulia unayumba," na kweli ulikuwa unayumba.

Wakawa wanakula pamoja juu ya benchi la kazi, wamesukuma misumari pembeni. Bwana Subira akamsimulia jinsi kiti cha baba yake kilivyoinama kushoto, na mzee anavyoinuka hapo mgongo unamlilia kila siku.

"Kilete nikitengeneze."

"Hakiguswi na mgeni. Ni mwiko. Lazima awe mtu wa nyumbani, na nyumbani hakuna fundi."

"Ushamba gani huo! Mzee anaumia kwa ajili ya kiti?"

"Nimewaambia," akasema kwa upole, "miaka kumi."

Wahenga walishasema, penzi ni kikohozi, haliwezi kufichika. Wiki ya pili Mwenyekiti alikuwa anaimba huku akikata mikanda, na sauti yake, Mungu amsamehe, ilikuwa ya kukatia mbao. Alikuwa anampenda. Aliogopa pia, maana alijua swali la karakana lipo njiani, na swali hilo ndilo lililomla mchumba wa kwanza.

Siku ya mwisho ya likizo, magari matatu meusi yakajipanga mbele ya mlango wa bati. Akashuka bwana mmoja wa suti na glavu nyeupe, akamwinamia Bwana Subira, ambaye wakati huo alikuwa na gundi mpaka kwenye nyusi.

"Mtukufu Mrithi, baba yako Mfalme anakusubiri."

Msumari ukamdondoka Mwenyekiti. "Mfalme? Si ulisema mlinzi?"

"Shangazi ndiye alisema mlinzi," akajibu. "Mimi nilisema anakaa."

Mwenyekiti akataka kukasirika, akakosa pa kushikia. Akayarudia maneno moja moja. Kiti ni cha baba. Nasubiri kazi ya baba. Watu wanakuja na shida zao. Yote kweli tupu! Akaanza kucheka, Shangazi naye akacheka, wakashikana mabega kwa kicheko, na bwana wa glavu akabaki anaangalia dari.

"Maisha yangu yote watu wananipisha," Mrithi akasema walipotulia. "Wewe ndiye wa kwanza kunipa namba. Nakupenda, na nataka unioe." Akajirekebisha haraka. "Yaani nikuoe."

Bwana wa glavu akakohoa. Huyu alikuwa mkuu wa itifaki, na kazi yake ilikuwa kuharibu. "Kwa taratibu za jumba, mke wa Mrithi hashiki nyundo. Karakana itafungwa. Bibi atatunzwa vizuri sana."

Atatunzwa. Neno lile lile, limerudi na glavu. Mwenyekiti akauokota msumari uliomdondoka, akasema, "Basi mwambie Mfalme nashukuru. Mimi nina viti."

"Nitaongea na baba," Mrithi akasema.

"Kaongee. Nikifunga hapa, utakuwa umeoa mtu mwingine."

Magari yakaondoka. Jioni hiyo Mwenyekiti alilia juu ya sponji jipya la kochi la watu, likalowa, ikabidi alianike. Shangazi hakumbembeleza. Alimpapasa tu mgongo na kusema, "Chema chajiuza, mwanangu. Wewe gonga."

Akagonga wiki tatu.

Wiki ya nne, mchana, lori likaingia mtaani polepole, na juu yake, kati ya magodoro, alikaa Mrithi mwenyewe amekumbatia kitu kikubwa kilichofunikwa shuka. Mkuu wa itifaki alikuwa mbele na dereva, amejaa vumbi hadi kwenye glavu. Watu wakatoka madukani, fundi viatu na kiatu cha mtu mkononi. Kitu kikashushwa, shuka likavutwa. Kilikuwa kiti cha enzi, mbao nyeusi, egemeo refu kuliko mlango, na kimeinama kushoto kama mtu anayesikiliza umbea.

Mkuu wa itifaki akafungua barua, akasoma kwa sauti ya mtu anayemeza dawa chungu: "Kiti hiki hakiguswi na mgeni. Mgongo wangu umechoka. Kwa hiyo nakipeleka kwa mtu wa nyumbani. Akitengeneze hapo hapo karakanani kwake, leo na siku zote atakazopenda kuwa fundi. Ni mimi, baba mkwe, kama atakubali."

Halafu Shangazi akapiga vigelegele ambavyo kwa miaka mitatu alikuwa amevibana kooni, mtaa mzima ukapokea, na mkuu wa polisi, aliyekuwa anapita, akawasha king'ora bila sababu yoyote ya kisheria.

Mwenyekiti alikuwa analia na kucheka. Lakini kazi ni kazi. Akakipindua kiti cha enzi, akakitikisa, akaguna. "Nani alikata mguu huu akauweka kinyume? Miaka mia mnakalia kosa!" Akachukua chaki, akaandika chini ya kikalio: saba.

"Saba?" mkuu wa itifaki akapaza sauti. "Hiki ni kiti cha Mfalme!"

"Na sita ni stuli ya fundi viatu. Amewahi."

Mrithi alienda kwenye benchi, akakaa mgongo wima, mikono juu ya mapaja, uso umejaa furaha isiyo na aibu. "Na mimi?" akauliza. "Niko namba ngapi?"

Mwenyekiti akamshika mkono, akakifungua kiganja, na chini ya kidole gumba chenye kovu la nyundo akaandika moja.

Harusi ilifanyika baada ya stuli ya fundi viatu, kisha kiti cha enzi, kutengenezwa. Mfalme alikaa kwenye kiti chake mbele ya umati, akajiandaa kuumia kama alivyozoea, akangoja, akangoja, hakuumia. Akamwita mkwe wake karibu, akamshika mikono yote miwili mbele za watu, mikono yenye gundi kwenye kucha, na hakuiachia mpaka picha zilipokwisha.

Jumatatu yake mlango wa bati ulifunguliwa saa mbili, kama kawaida. Mkuu wa itifaki aliomba ile saba ifutwe kwa heshima ya kiti. Mfalme akakataa, akasema aliingoja foleni yake kihalali.