Taya Lililogoma Kufunguka

Leo muuguzi amenipaka mafuta ya karafuu kwenye ufizi, na harufu yake imenirudisha jikoni kwetu Hai Jalaba, mtaa wa Juba, nikiwa mtoto mwenye nyaya za kunyoosha meno.

Nyaya nilifungwa Nairobi tulipokwenda likizo. Tuliporudi Juba, taya likaanza kulia ko! karibu na sikio kila nilipotafuna. Asubuhi moja niliamka halifunguki. Mama alinikanda kwa kitambaa cha maji moto, akanipaka karafuu, akaniombea. Wapi.

Akanipeleka kwa daktari wa meno, Mganda mpole. Aliponibonyeza mbele ya sikio, machozi yalinitoka.

"Mama, hii ni kiungo ya taya," alisema. "Mimi iko natoa meno tu. Rudisha yeye kwa ule alifunga."

"Ndege zimesimama, daktari, na barabarani wanapigana. Nitapita wapi na mtoto?"

Tukarudi nyumbani siku ile ile.

Baadaye ndege zilirudi, nyaya zikatolewa, na taya likalegea taratibu. Lakini jioni ile hatukujua hilo. Mama alininywesha uji kwa mrija, mwingi ukamwagikia kifuani. Akaweka kikombe chini, akanishika mashavu, akaanza kulia, yeye ambaye sikuwahi kumwona akilia.

"Fungua, mwanangu. Kidogo tu."

Nilijikaza kwa nguvu zangu zote. Nilitaka kumwambia kwamba ninajaribu, lakini kilichotoka kilikuwa mguno. Mama akadhani ameniumiza, akaniachia.