Aliyejiita Fundi Kisigino Halisi

Nianze kwa kukiri, ili nisije nikaumbuliwa na wengine: ukurasa ule niliufungua mimi, kwa vidole vyangu hivi hivi, na hakuna aliyenituma.

Nina kiduka cha kutoa fotokopi na kuchapa barua. Mtaa mzima unaniita Mama Kopi, ingawa sina mtoto wa jina hilo. Ukuta wa kushoto wa duka langu ni mbao nyembamba, na nyuma ya mbao hizo anakaa Fundi Kisigino, fundi viatu. Tumekaa hivyo miaka kumi na moja. Akipiga nyundo, karatasi zangu zinacheza. Nikipiga chafya, ananitakia afya njema kutoka upande wa pili bila kuinua kichwa.

Viatu vya kawaida havimpi raha. Ukimletea kiatu kilichoachia soli atakishona, lakini kwa kununa. Kazi anayoipenda ni viatu vya watu ambao mguu mmoja umepungua kuliko mwenzake, au unyayo umepinda, watu ambao wakiingia dukani wanaambiwa hakuna saizi yao na muuzaji anageukia mteja mwingine. Hao anawatengenezea viatu vya miguu yao wenyewe, anaongeza soli na kisigino upande mmoja, tabaka juu ya tabaka, mpaka mtu asimame sawasawa. Hapo ndipo alipopata jina lake. Lile la kwenye kitambulisho analijua mkewe, na hulitumia siku akikasirika tu.

Utaratibu wake ni mmoja. Anatandika karatasi sakafuni, anapiga goti, anaushika mguu wa mteja kama daktari, kisha anauchora kwa penseli. Pembeni anaandika jina, namba ya simu na sentimita zilizopungua. Karatasi hizo anazinunua kwangu na anazitunza zote. Ana makabati mawili yaliyojaa nyayo za watu.

Sasa kiherehere changu. Niliona wateja wa mbali wanavyoteseka, wanasafiri kutwa nzima kuja kuchorwa mguu, halafu wanarudi tena kuchukua viatu. Nikamwambia tufungue ukurasa mtandaoni, turekodi video, mtu aelekezwe jinsi ya kuchorwa akiwa kwake. Alinikatalia miezi miwili. Alisema mguu haupigwi picha, mguu unashikwa. Nikamganda mpaka akachoka.

Na video ilikuwa nzuri, sitaki kudanganya. Dakika nne. Fundi alieleza kila kitu: mtu asimame, asikae; penseli iwe wima; mchoraji awe mtu mwingine; visigino vyote viwili viguse chini hata kama kimoja kinauma. Maelfu ya watu waliitazama. Mmoja wao alikuwa anajifunza jinsi ya kutuibia, na sisi tukamfundisha bure, kwa sauti safi na mwanga wa kutosha.

Tulikuja kujua asubuhi moja ya Jumanne. Aliingia dada mmoja wa mapokezi hospitalini, bado na sare yake, anachechemea kidogo. Nilimsikia kupitia mbao.

"Shikamoo Fundi. Nimekuja kuchukua viatu vyangu."

"Marahaba. Viatu gani?"

"Vyeusi. Vya harusi ya mdogo wangu, Jumamosi. Uliniambia leo vitakuwa tayari."

Fundi akasema, "Binti, mguu wako sijawahi kuushika."

"Nilikutumia mchoro. Na hela nilikutumia yote."

"Hukunitumia mimi."

"Fundi, usinifanyie hivyo. Nimeomba ruhusa kazini kuja hapa."

"Nimesema si mimi! Unataka niape?"

Nilifika mlangoni kwake nikamkuta dada amekaa kwenye benchi, mkoba mapajani, na machozi yanamlengalenga. Akanipa simu. Ulikuwa ukurasa wetu. Picha ya Fundi akiwa amepiga goti, video yetu, hata picha ya mlango wangu ikionekana kwa pembeni. Namba ya simu tu ndiyo ilikuwa ya mtu mwingine. Na jina lilikuwa limeongezwa neno moja: Fundi Kisigino Halisi.

Halisi! Mtu ana macho makavu namna gani? Sisi wenye nyundo na gundi hatukuwahi hata kufikiria kujiita halisi.

Fundi aliusoma ukurasa mara mbili, akarudisha simu, akamwambia dada avue viatu. Akatandika karatasi, akamchora. Ijumaa jioni viatu vilikuwa tayari, na hakutaka kusikia habari ya malipo. Nilimwambia akifanya hivyo kwa kila aliyetapeliwa atafunga duka. Akaniambia nichunge mashine zangu.

Walifuata wengine. Wawili Alhamisi, mmoja Jumatatu, mzee mmoja na mke wake Jumatano. Kila mmoja aliingia anaheshimu na kutoka anamwangalia Fundi kwa jicho la pembeni. Hilo ndilo lililomkondesha. Fundi hana gari wala nyumba ya kupangisha. Anachomiliki ni kwamba mtu mwenye mguu mbaya anaweza kuvua soksi mbele yake bila aibu. Hilo likiondoka, watu hao hawana kwingine pa kwenda, na yeye hana kazi.

Nikajifunga kibwebwe. Niliuripoti ukurasa ule kwa wenye mtandao. Siku ya nne wakajibu kwamba wameuchunguza na haujavunja kanuni zao. Nikaripoti tena. Safari hii walifanya haraka: kesho yake walifunga ukurasa mmoja kwa kosa la kujifanya mtu mwingine. Walifunga wa kwetu.

Sijui kama nimeeleweka. Walifunga wa kwetu. Mwizi alikuwa amewahi kuturipoti, na kwa kuwa yeye ni Halisi, sisi tukawa feki. Damu ilinichemka mpaka nikachapa barua ya mteja nikarudia aya moja mara tatu.

Wakataka kitambulisho ili wathibitishe. Nikatuma cha Fundi. Wakajibu kwamba jina la kwenye kitambulisho halifanani na jina la biashara. Nikatuma leseni ya biashara, nayo ina jina lile lile analolitumia mkewe akikasirika. Nikaandika maelezo marefu kwa lugha ya upole kabisa, jibu likaja ndani ya sekunde mbili, na mtu hawezi kusoma ukurasa mzima kwa sekunde mbili. Nilikuwa nabishana na mashine. Mimi nauza huduma za mashine, najua kuongea nazo hakusaidii, huwa nazipiga kofi kwa pembeni zinakubali. Hii haikuwa na pembeni.

Tukaenda kituo cha polisi. Afande alitusikiliza vizuri, akachukua kalamu.

"Mzee wangu, umepoteza kiasi gani?"

"Mimi sijapoteza hata senti."

"Aliyeibiwa ni nani?"

"Wateja."

"Basi waje wao."

"Na mimi? Ameiba jina langu, afande."

Afande akaangalia fomu yake, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele. "Hapa pana sehemu ya simu, pochi, mifugo na vyombo vya ndani," akasema. "Jina nikuandikie wapi?"

Hakuwa anatudhihaki, na hilo liliniuma zaidi.

Basi tukaamua kujitetea wenyewe. Kila aliyetapeliwa akija, kabla hajaondoka nilimkalisha kwenye benchi, aripoti ukurasa ule kwa simu yake mwenyewe, apige picha za mazungumzo, na mimi nizichape apeleke polisi na kwenye kampuni ya simu. Walifika tisa. Wiki ya tatu namba ya tapeli ikafungwa, na siku mbili baadaye ukurasa wa Halisi ukatoweka. Hakuna aliyetupa pole. Wa kwetu haukurudi, na mpaka leo haujarudi.

Lakini tapeli wa aina hiyo anaweza kufungua mwingine kabla hujamaliza kunywa chai. Kwa hiyo tulifungua makabati. Nilitoa karatasi za nyayo moja moja na kunakili namba za simu, mia tatu na kitu, kisha tukawatumia wote ujumbe. Fundi alinitamkia, mimi nikaandika: Mimi Fundi Kisigino sina ukurasa mtandaoni. Usimlipe mtu wala usimtumie mchoro wa mguu wako. Mwishoni nikaongeza jambo la kwangu, kwa sababu wateja wawili waliwahi kutumiwa mzigo na tapeli, wakalipia usafiri, wakafungua wakakuta makatoni yaliyokatwa: Usipokee kitu chochote kutoka kwa mtu anayejiita mimi mpaka umwone kwa macho yako.

Nilijiona nimemaliza kazi. Watu walijibu kwa shukrani, wengine kwa utani. Mmoja aliuliza tutathibitishaje kwamba ujumbe wenyewe si wa tapeli, nikamjibu kwamba swali lake ni zuri sana na asinisumbue.

Asiyejibu alikuwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, anakaa mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi. Mguu wake wa kushoto umepungua sentimita tano, na viatu vyake vyote kwa miaka tisa vimetoka kwa Fundi. Tangu mwaka juzi hakuwa amekuja. Fundi akawa na wasiwasi, akaniomba nipige. Mara ya sita ndipo alipopokea.

"Niliwaambia sina hela nyingine," akasema, kabla sijamaliza salamu.

Fundi akaninyang'anya simu. "Mwalimu, ni mimi."

"Na yule naye alisema ni Fundi."

"Si unaisikia sauti yangu?"

"Sauti siku hizi zinatengenezwa."

"Niulize chochote basi! Mguu wako wa kushoto, sentimita tano, kidole cha mwisho kimekaa juu ya mwenzake..."

"Hayo yote nilimchorea na yule." Mwalimu akaongeza: "Navaa viatu vya mwaka juzi, Fundi, kama kweli ni wewe. Soli imekwisha. Darasani nafundisha nimekaa." Akakata.

Fundi alinirudishia simu. Alitoa karatasi ya mwalimu, akaibandika ukutani mbele yake, akaanza kukata ngozi. Kazi za watu wengine zilisubiri siku sita. Nilimuuliza nani anavilipia viatu hivyo, akaniuliza nani ameniuliza. Vilipokwisha vilikuwa vizuri mno, vyeusi, na kile kisigino kirefu kimefunikwa kwa ngozi isiyo na mshono unaoonekana, mtu asijue mpaka aambiwe. Nilivifunga mwenyewe kwenye boksi, nikaandika anwani kwa herufi kubwa, tukalipia usafiri wote ili mwalimu asidaiwe chochote. Boksi likapanda basi.

Siku nane zilipita. Ya tisa, karani wa mabasi alileta boksi mpaka mlangoni. Utepe wangu ulikuwa haujaguswa. Juu ya anwani, mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: AMEKATAA KUPOKEA. ANASEMA ALIONYWA.

Nilitamani ardhi inimeze. Alionywa na nani? Na mimi. Maneno yale niliyaandika mimi, kwa vidole hivi, na katika watu mia tatu na kitu aliyeyafuata neno kwa neno ni mwalimu anayefundisha amekaa. Nikaanza kutukana, wenye mtandao, polisi, tapeli, nikajitukana na mimi. Nilisema tumpigie tena, tutume picha, tumtafute jirani yake, nilikuwa nasema chochote.

Fundi alikuwa amefungua boksi, anavigeuza viatu kuona kama vimekunjwa safarini.

"Acha makelele, Mama Kopi," akasema. "Kafanya tulivyomwambia."

"Sasa viatu hivi?"

"Hakuna mwingine wa kuvivaa."

Akavifunga upya. Akavua aproni, ambayo sijawahi kumwona akiivua mchana, akanawa mikono kwenye ndoo, akachana nywele kidogo zilizobaki mbele ya kioo changu. Goti lake ni bovu, na basi la kwenda kwa mwalimu ni mateso hata kwa mwenye magoti mazima. Nilimwambia hivyo. Alinipa funguo za duka.

"Wakija wateja niwaambie umekwenda wapi?"

Aliliweka boksi kwapani. Ana miaka sitini na mbili, na nusu ya watu wa mji huu wanasimama sawasawa kwa sababu yake.

"Waambie nimekwenda kuonyesha sura," akasema.