Cheche Mikononi mwa Mokeira

Mokeira alifanya kazi katika kiwanda kidogo cha chai karibu na Roret, kwenye chumba ambamo chai iliyokaushwa hutenganishwa na nyuzi zake. Mashine za humo zina rola za plastiki zinazosuguana na kitambaa kizito cha sufu. Chai ikipita chini, nyuzi huruka juu bila mkono wa mtu na kunata kwenye rola. Mjane huyu kutoka Kisii alikuwa ameizoea kazi hiyo mpaka haitazami tena.

Kisha ikaja Januari ya jua kali na upepo mkavu, naye akapewa gambuti mpya za mpira.

Mchana mmoja stima ikapotea. Mashine zikanyamaza. Mokeira alipopita kati ya mashine hizo kwenda mlangoni, nyuzi zilizobaki kwenye trei zikaanza kusimama. Akasimama. Nazo zikatulia, zimenyooka kama nywele za mtu aliyeshtuka. Akasogea kando, zikainama kumfuata.

Dorine, mwenzake wa zamu, aliona pia. "Mokeira, umeingiliwa na nini?" akanong'ona. "Tafadhali usinikaribie."

Mokeira akakimbilia mlango. Kabla hajashika kitasa, kitu kikamuuma kidole kwa mlio mkavu, kama kijiti kinachovunjika.

Jioni alimkuta mkaza mwana wake, Valary, sebuleni, amempakata mtoto mchanga. Mokeira akasimama juu ya zulia la nailoni, gambuti miguuni, akavua sweta. Sweta ikatatarika.

"Acha nimsalimie mjukuu wangu," akasema, akinyoosha kidole kuelekea shavu la mtoto.

Cheche ndogo ya buluu ikaruka. Mtoto akaangua kilio.

Valary akarudi nyuma mpaka ukutani. "Mama, umemfanya nini?"

"Hata sijamgusa!"

"Hiyo ndiyo inaniogopesha."

Tangu hapo Mokeira akiingia sebuleni, Valary alimbeba mtoto akaenda chumbani na kufunga mlango. Kanisani Dorine alikuwa amekwisha kusimulia. Akina mama walimsalimia kwa kichwa tu. Mokeira akaanza kuiogopa mikono yake. Aliinawa kwa chumvi, akaiombea, na alipolala aliiweka mbali na uso.

Mwishowe akamwendea Zack, fundi wa umeme pale kiwandani, akamweleza yote bila kuficha. Zack hakucheka.

"Vitu viwili vikisuguana, chaji ya umeme hutoka kwa kimoja ikaenda kwa kingine," akasema. "Rola ikijaa chaji, inavuta nyuzi. Na wewe pia unajaa. Gambuti zinasuguana na sakafu, sweta inasuguana na nguo zako, na mpira hauruhusu chaji ishuke ardhini. Ukikaribia chuma au mtu, inaruka. Ile cheche ni hewa yenyewe inayowaka kidogo."

"Lakini mashine zilikuwa zimezimika."

"Rola zilikuwa bado zimejaa. Hewa ikiwa kavu, chaji haina haraka ya kuondoka."

Maneno hayo hayakumtuliza Mokeira. Aligeuka kuzitazama zile rola, zimelala kimya.

"Vua viatu, simama kwenye udongo kwanza," Zack akamwambia. "Itashuka yenyewe."

Alipofika nyumbani akavua gambuti langoni, akasimama peku uani, akamwita Valary.

"Nishike mkono," akamwomba. "Mimi kwanza, si mtoto."

Valary akakaribia polepole, akamshika akiwa amefumba macho. Hapakuwa na mlio. Akashika tena, kwa nguvu zaidi. Ndipo akaingia ndani na kumleta mtoto, amevingirishwa katika blanketi laini la nailoni. Alipolivuta blanketi, likatatarika, na nywele chache za mtoto zikasimama wima.

"Mama!" Valary akasema. "Ni wewe?"

"Si mimi. Ni hilo blanketi. Lete leso ya pamba."

Valary akautazama utosi wa mwanawe. Kisha akalitupa blanketi kwenye kamba ya nguo, akamfunga mtoto kwa leso, na kumweka mikononi mwa nyanyake.

Mokeira bado yuko katika chumba kile cha kiwandani. Dorine siku hizi humsalimia kwa mkono, ila miezi ya kiangazi yeye Dorine hutangulia kugusa ukuta ili chaji imtoke.